Msimpeleke Chula

Ami yangu si mtu wa maneno mengi. Usiku ule wazee walipokaa barazani hapa Mombasa kumjadili kijana wa ukoo wetu, aliyekwisha kuuza simu ya mamake, kisha mtungi wa gesi, kisha viatu vya wageni waliokuja maulidini, yeye aliwasikiliza wote mpaka wakachoka. Akatema tambuu, akasema, "Arejeshwe Chula." Basi. Hakuna aliyepinga. Nami sikupinga, na kunyamaza kwangu ndiko kulikonitia kalamu mkononi leo.

Kwa asiyetujua: Chula ni kimoja katika msururu wa visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kisimayu, upande wa Somalia. Koyama, Ngumi, Chovai, Chula: ndiyo majina tuliyotajiwa na nyanya zetu kabla ya kujua yetu wenyewe. Wengi wetu tulioko Mombasa, Malindi na Lamu tulifika kwa mashua, sisi au wazazi wetu, dola ya Somalia ilipovunjika 1991. Wapo waliokaa kambi ya Jomvu hadi ikafungwa miaka hiyo hiyo ya 1990. Baadhi wakarudishwa visiwani, baadhi wakapotelea mitaani. Kisiwa kikabaki kuwa kitu cha kuapia. Samaki akiwa mtamu, husemwa bado hajafika wa Chula. Mtoto akiwa na adabu, husemwa kalelewa na mtu wa Chula. Na sasa mtoto akishikwa na unga, hupelekwa Chula.

Hukumu hii nimeisikia katika nyumba nyingi, na kinachobadilika ni jina la mahali tu. Kuna wanaowavusha wana wao Faza au Kizingitini, na kuna wanaowaficha shamba kwa bibi. Wasomali walioko Ulaya na Marekani wana jina kamili la jambo hili, dhaqan celis, yaani kumrudisha mtu kwenye utamaduni: kijana aliyeharibikia London au Minneapolis anapandishwa ndege kwa hila, anaambiwa anakwenda kumtembelea nyanya, akifika ananyang'anywa pasipoti. Sisi hatuna pasipoti za kunyang'anya. Tuna mashua na kusi.

Hoja ya ami nitaieleza kwa haki yake, maana si ya kijinga. Anasema hivi: unga uko mjini, Chula hauko. Marafiki wabaya wako maskani, Chula hakuna maskani. Kisiwani mtu huamshwa na adhana, hupewa mshipi, hula samaki wa moto na muhogo, hulala akiwa amechoka. Bahari imemzunguka, hana pa kutorokea. Arobaini ikipita, damu imesafika. Ndugu wote wanamjua, na haya itamzuia. Gharama yake ni nauli tu.

Hebu tuanze na lile analosema kweli. Arosto haiui mara nyingi, na hupita. Aliyezoea heroini akiikosa, baada ya saa chache huanza kupiga miayo, pua na macho kuchuruzika, mifupa kumuuma kana kwamba imetwangwa, tumbo kumwendesha, usingizi kumkimbia. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali. Baada ya wiki hivi mwili hutulia. Kwa hiyo mashua ikimtia kijana kisiwani leo, Ijumaa ijayo atakuwa anakula. Atanenepa. Uso utarudi. Mtu akipiga picha na kuituma Mombasa, kina mama watalia kwa furaha, na ami ataonekana ni tabibu.

Tatizo linaanzia hapo ambapo furaha imeanzia. Kutoka katika arosto ni kumaliza safari ya siku saba. Uraibu ni jambo la miaka. Unga hubadilisha namna ubongo unavyopima raha, maumivu na hatari, na mabadiliko hayo hayaoshwi na jasho la siku saba wala la siku arobaini. Kinachoondoka upesi ni kitu kingine kabisa, nacho ndicho kilichokuwa kikimlinda: ule uzoefu wa mwili kubeba dozi kubwa.

Wavuvi wetu wataelewa hili kuliko wasomi. Mzamiaji wa kamba koche aliyekaa pwani msimu mzima wa kusi, pumzi yake imepungua. Akirudi baharini siku ya kwanza ya kaskazi na kushuka hadi pale pale alipokuwa akishuka zamani, kwa sababu macho yake yanakumbuka jabali na mkono wake unakumbuka tundu, hapandi tena. Kumbukumbu ni ya mwaka jana, mapafu ni ya leo. Kijana anayetoka Chula ni hivyo hivyo. Siku atakaporudi Mombasa, mkono wake utakumbuka kete mbili, na mwili wake hauwezi tena hata nusu ya kete. Unga hutuliza sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua. Analala, anakoroma mkoromo usio wa kawaida, midomo inageuka rangi, kisha kimya.

Wako waliopima jambo hili. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, watafiti waliwafuatilia wafungwa waliotoka gerezani, watu waliokaa mbali na dawa kwa lazima kama vile tunavyotaka kumkalisha kijana wetu. Matokeo yalichapishwa 2007: katika wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dozi ilikuwa mara 129 ya watu wengine wa jimbo hilo. Sikukosea kuandika. Mara mia moja na ishirini na tisa.

Nasi tulikwisha kumpeleka mmoja. Sitamtaja, mamake yu hai. Alikaa visiwani miezi saba, akarudi mweusi wa jua, shingo imejaa, anasoma Yasini kwa moyo. Siku ya tatu baada ya kurudi alikutwa nyuma ya kibanda cha mkaa, sindano ingali mkononi. Matangani nilisikia neno lililorudiwa na kila aliyeingia: "Angebaki Chula." Hakuna aliyesema, "Tusingempeleka."

Mwerevu mmoja atanijibu kwa habari ya Vietnam, na najua atajibu, kwa sababu ndiyo hoja bora kabisa upande wa ami, ingawa ami mwenyewe hajawahi kuisikia. Mwaka 1971 Marekani iligundua kwamba askari wake wengi huko Vietnam walikuwa wakitumia heroini. Karibu mmoja kati ya watano alijiona ni mraibu. Serikali ikaogopa kundi kubwa la mateja wenye mafunzo ya bunduki. Lee Robins, mtafiti aliyepewa kazi ya kuwafuatilia, akakuta jambo la kushangaza: waliporudi kwao, wengi mno waliacha, na katika mwaka wa kwanza ni wachache tu waliozama tena. Je, si mahali ndiko kulikowaponya?

Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Ila tazama wapi walitoka na wapi walikwenda. Walitoka vitani wakaenda kwenye amani. Walirudi kwa wake, kwa kazi, kwa mitaa iliyokuwa na zahanati na mishahara. Na jambo kubwa kuliko yote: hawakurudi tena Saigon. Sisi tunafanya kinyume kila hatua. Tunamtoa kijana mjini aliko mamake na kila anachokijua, tunampeleka mahali ambapo vita ndivyo vilivyotufukuza, na baada ya miezi sita tunamrudisha Saigon yake kwa mashua ile ile. Mfano wa Vietnam ukisomwa mpaka mwisho unamhukumu ami.

Maana Chula ya ami ni ya mwaka 1975. Mimi naiheshimu Chula hiyo, nimelelewa na hadithi zake, lakini siwezi kumpandisha mtu mashua ya kwenda kwenye hadithi. Chula iliyopo leo haina hospitali. Ya karibu iko Kisimayu, kwa bahari, na kusi likichachamaa, kati ya Juni na Agosti, hakuna nahodha wa mashua ndogo anayejitia humo kwa ajili ya teja anayetapika. Bara inayovikabili visiwa imekuwa mikononi mwa al-Shabaab au ikigombaniwa kwa miaka mingi. Kisimayu yenyewe walikuwa nayo kuanzia 2008 hadi majeshi ya Kenya na wenzao walipoingia 2012. Mvuvi wa visiwani ana wasiwasi wa kutosha na meli kubwa zinazokomba samaki, askari wa huku na wapiganaji wa kule. Kumwongezea kijana wa Mombasa asiyejua kutia chambo, mwenye arosto, si kumtendea wema. Hata hatuulizi kama anamtaka. Mwenyeji huambiwa tu, "Anakuja ndugu yenu, mumtazame."

Na bahari yenyewe si ukuta. Huu ndio upofu wetu mkubwa kama watu wa pwani: tunasahau kwamba bahari ni barabara, sisi ambao wazee wetu walijenga mitepe kwa kushona na kufika nayo kila bandari. Unga ulikuja Pwani kwa maji. Unatoka Afghanistan, unashuka hadi fukwe za Makran, unapakiwa majahazini na kufuata njia ya pepo tunazozijua kwa majina. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ililisimamisha jahazi mashariki ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Zaidi ya tani, katika chombo kimoja. Sisemi shehena hizo hushushwa Chula. Nasema tu kwamba anayetegemea maji ya chumvi kuzuia unga amesahau umetoka wapi.

Na tuseme hauko kabisa huko. Mwenye kiu asiyepata maji ya kisima hunywa ya dimbwi. Ukanda wa Kisimayu una miraa, na una vidonge vya maumivu vinavyouzwa dukani bila cheti. Tramadoli ni ya ukoo mmoja na heroini, ndugu yake mdogo. Teja akiipata, haiachi. Ama miraa, historia yake ukanda huo ni somo tosha kuhusu matumaini ya kuondoa ulevi kwa kuuondoa tu mbele ya macho. Siad Barre aliipiga marufuku 1983. Mahakama za Kiislamu ziliipiga marufuku Kisimayu 2006, na watu wakaandamana barabarani. Al-Shabaab nao wakaifuta kwa bakora. Walipoondoka 2012, mabunda yalirudi sokoni kana kwamba yalikuwa yamekwenda kunywa chai tu. Korona ilizisimamisha ndege za miraa 2020, makubaliano ya Kenya na Somalia yakazirusha tena Julai 2022. Miaka arobaini ya kufungia na kufungulia, na katika hiyo yote mlaji aliyetaka msaada wa kuacha hakujengewa hata chumba kimoja.

(Msinielewe vibaya: sitii miraa na unga kapu moja. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliipima miraa 2006 na haikupendekeza iwekwe katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa. Lakini Michael Odenwald, aliyefanya utafiti Hargeisa, alikuta kwamba wanaoitafuna kupita kiasi, na walioanza wangali wadogo, wako katika hatari kubwa zaidi ya kurukwa na akili. Mkizidisha chochote juu ya akili iliyojeruhiwa na vita, msishangae.)

Kijana akirukwa na akili kisiwani, nini kinafuata? Tunajua. Mnyororo. Human Rights Watch walitoa ripoti 2015 kuhusu vituo vya Somaliland ambamo wagonjwa wa akili, na wengine wasio wagonjwa bali waliochokwa na jamaa zao, walifungwa minyororo mchana na usiku. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeanza tangu 2006, Mogadishu, mpango wa kuondoa minyororo hospitalini na majumbani. Familia zinazofunga si katili. Zimeachwa peke yao na mtu asiyelala, asiyekula, anayevunja vyombo, na hakuna pa kumpeleka. Mnyororo ni kitu anachotumia mtu mwenye mapenzi na asiye na hospitali. Chula ya ami ni mnyororo pia, tofauti yake ni kwamba ni mrefu na umetengenezwa kwa maji.

Hapa ami angenikatiza: "Sasa wewe wataka nini? Tumpe dawa nyingine ya kulevya?" Ndiyo yale ya methadoni. Neno hili likitajwa barazani nyuso hukunjamana. Wanasema ni kubadilisha sumu kwa sumu, ni ulevi wa serikali, ni njama ya wazungu, ni haramu.

Tuiangalie basi. Methadoni ni dawa ya maji, hunywewa mbele ya muuguzi, mara moja kwa siku. Inakalia mlango ule ule ambao unga hukalia, lakini inaingia polepole na kutoka polepole. Dozi moja humshika mtu siku nzima au zaidi. Dozi ikiwa sawa, mtu hapandi wala haanguki: hana arosto, hana kulewa, anaweza kusimama dukani, kuendesha bodaboda, kusimamisha swala. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, orodha ile ile yenye dawa za malaria na insulini. Uchambuzi uliochapishwa 2017, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulikuta kwamba vifo miongoni mwa wanaoitumia vilikuwa takriban theluthi moja ya vifo vya wenzao walioiacha. Unaweza kuitukana vyovyote utakavyo, lakini hesabu ya makaburi ndiyo hiyo.

Kuhusu haramu, sina cheo cha kutoa fatwa, wala wengi wa wanaozitoa barazani hawana. Ninachojua ni kwamba Jamhuri ya Kiislamu ya Iran, ambayo haiwezi kushitakiwa kwa kuwapenda wazungu, ina mpango wa methadoni ulio mkubwa kuliko wa nchi nyingi, na inawapa maelfu ya wafungwa wake. Malaysia nayo ilikwenda mbali zaidi: Kuala Lumpur, katika Msikiti wa Ar-Rahman, waraibu walipewa methadoni msikitini penyewe, pamoja na darasa na swala. Wanazuoni wao walitazama kanuni ya kuchagua dhara jepesi kati ya madhara mawili na wakaamua. Wetu wamechagua mashua.

Na haya hayako mbali. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni Februari 2011, ya kwanza katika bara la Afrika kusini ya Sahara. Zanzibar ilifuata 2015, Kidongo Chekundu. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 kwa Mathari, Nairobi, na mapema 2015 ikafungua Malindi. Baadaye Kisauni hapa Mombasa, na Kombani. Malindi haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Unga uliingia huko pamoja na watalii tangu miaka ya 1980. Mwanaanthropolojia Susan Beckerleg aliyafuatilia maisha ya mateja wa Watamu na Malindi kwa miaka, na Mradi wa Omari ulianza kuwahudumia miaka ya 1990, wakati serikali ilikuwa bado inadhani tatizo ni la polisi tu. Mombasa kuna mashirika ya MEWA na Reachout, ambayo watu wao huingia maskani wakiwa na mabomba safi na maneno mazuri. Wengi huingia kliniki kupitia hao. Kwa anayejidunga, huo ndio mlango wa kupimwa virusi pia. Tafiti za miaka ya mwanzo ya 2010 zilikuta karibu asilimia 18 ya wanaojidunga Kenya wana VVU, wakati katika watu wazima kwa jumla walikuwa kama asilimia 6. Mkimpeleka kijana Chula mnamwondoa mbele ya mlango huo pia.

Zanzibar nayo ni kisiwa, mtasema, na watu wanaponea huko. Kweli, na ni mfano ninaoupenda. Tangu 2009 kumefunguliwa nyumba za upataji nafuu, zinazoendeshwa na watu walioacha wenyewe, wanaofuata hatua 12 za jumuiya za waraibu walioacha. Niliwahi kukaa kwenye kikao kimoja, kwa ruhusa yao. Chumba kidogo, mkeka, feni inayolalamika. Mmoja baada ya mwingine wanasimama, wanataja jina na idadi ya siku. Siku, si miaka. Hakuna aliyekuwa akitegemea bahari. Walikuwa wakitegemeana: mwenye miaka minane alikuwa na simu ya mwenye siku nane, na akipigiwa saa nane usiku hupokea. Kilichowaponya hakikuwa kule kuzungukwa na maji, kilikuwa ni kuzungukwa na watu wanaojua wizi wa mtungi wa gesi unavyoanza. Chula hakuna hata mmoja wa hao. Kuna wajomba wenye huruma na nyanya mwenye dua, na mimi siidharau dua, lakini nyanya hajui kumwamsha mtu aliyezidisha.

Mpaka hapa nimemkemea ami. Sasa nigeuke, maana kosa si lake peke yake. Ami anampeleka kijana Chula kwa sababu ndiyo njia pekee iliyo wazi mbele yake, na walioifanya iwe pekee wana ofisi na bendera. Kutoka Kisimayu kwenda kusini hadi mpakani, upande wa Somalia hakuna mpango wa serikali wa methadoni. Nchi nzima haina. Kuvuka huku, kwa miaka mingi teja wa Lamu aliyetaka dozi alitakiwa kwenda Malindi, zaidi ya kilomita 200, kwa barabara ambayo mabasi yalikuwa yakisindikizwa na askari. Dozi ni ya kila siku. Piga hesabu wewe. Mpaka wa nchi kavu ulifungwa rasmi miaka ile Kenya ilipoingia Somalia. 2023 serikali mbili zikatangaza kuufungua kwa awamu, kisha Kenya ikaahirisha. Na yule mwenzetu aliyekuja na mashua, asiye na kitambulisho cha huku wala karatasi ya kule, huogopa kila dawati lenye daftari, hata liwe dawati la kumponya.

Cha kuchekesha ni kwamba serikali hizo mbili zinayapenda sana maji yetu. Zilipelekana hadi The Hague, na Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikachora mstari baharini, Kenya ikaukataa. Mawakili, ramani, mafuta, samaki. Katika maelfu ya kurasa zilizowasilishwa kuhusu bahari ya Wabajuni, sidhani kuna mmoja uliouliza mvuvi wa Chula au wa Kiunga atapata wapi daktari wa kichwa chake.

Na dawa inayofaa visiwa ipo. Buprenofini, jamaa ya methadoni, ina sindano inayokaa mwilini mwezi mzima. Marekani iliiruhusu 2017. Ni ghali, najua. Lakini kwa mtu anayetegemea msimu na mashua, safari moja kwa mwezi inawezekana, safari thelathini haziwezekani. Korona ilipoingia 2020, Marekani hiyo hiyo iliruhusu waliotulia wabebe methadoni ya hadi siku 28 nyumbani, na dunia haikupinduka. Naloksoni, inayomwamsha aliyezidisha, inaweza kufundishwa kwa mtu yeyote anayeweza kutia chambo. Iwekwe Kisimayu, iwekwe Lamu, Faza, Kiunga. Anayetaka kupeleka kitu Chula, apeleke hiyo, na mtu wa kuitumia.

Najua yatasemwa kwamba methadoni nayo ina walioishindwa. Wapo. Wako wanaokunywa asubuhi na kuvuta jioni. Wako wanaotamani kuiacha na hawajui lini. Wiki nne za mwanzo nazo ni za hatari, dozi isipopimwa vizuri. Sikuahidi muujiza, na mwenye kuahidi muujiza mwulizeni anauza nini. Naahidi jambo dogo: aliye hai kesho anaweza kujaribu tena keshokutwa.

Na dozi ya kila siku ina shida moja ambayo hakuna serikali itakayoitatua, nayo ni ya kwetu. Mtu lazima aende. Kila asubuhi, mvua au jua, Idi au Krismasi, kupitia maskani ile ile aliyokuwa akilala, mbele ya wenzake wanaomwita. Akienda peke yake, siku moja hafiki. Ndiyo maana hesabu ya nauli ya ami imenikaa kichwani. Nauli ya mashua mpaka Chula, na ya mtu wa kumsindikiza, na zawadi za wenyeji, na ya kurudi: fedha hizo zingelipia matatu ya Kisauni kwa miezi mingi, kwa watu wawili.

Ami, shikamoo. Sikusema usiku ule, nasema sasa. Kijana amekwisha kuandikishwa, nimehakikisha mwenyewe. Wikiendi atalala kwangu. Dirisha la dozi hufunguliwa asubuhi, foleni ni ndefu, afadhali kufika mapema. Barazani tulikuwa watu wanane, na wiki ina siku saba. Jumatatu nampeleka mimi. Namtafuta wa Jumanne.